Somo la Ubongo, na Watu Walioupima kwa Punje

Shika kichwa chako kwa mikono miwili. Mfupa unaougusa unaitwa fuvu. Ndani yake umo ubongo, kitu laini chenye mikunjo mingi, uzito wake gramu 1,300 hivi kwa mtu mzima.

Wako watu wasemao kwamba ubongo wa mtu mweusi ni mdogo. Neno hili lilivikwa nguo ya elimu katika karne ya 19. Tena lilikuwa limekwisha kupimwa na kukanushwa mapema. Mwaka 1836 Friedrich Tiedemann, mwalimu wa udaktari huko Heidelberg, Ujerumani, alijaza mafuvu ya watu wa mataifa mengi kwa punje kavu za nafaka kama ulezi, akazipima kwa mizani. Akatazama na bongo zenyewe, akazichora. Hakuona tofauti ya maana kati ya mweupe na mweusi.

Wengi walipenda kumsikiliza Samuel Morton wa Philadelphia, Marekani. Yeye alitumia mbegu, na mwaka 1839 akayapanga mataifa, weupe juu, weusi chini. Lakini fuvu lile lile likijazwa mara mbili lilitoa hesabu mbili! Mwenyewe aliziacha mbegu, akatumia punje za risasi. Mwaka 1854 wafuasi wake walitoa kitabu chenye picha ya fuvu la mtu mweusi, taya limevutwa mbele kama la sokwe. Kalamu humtii aliyeishika.

Jambo hili lilifika hata kwetu. Desemba 1884, katika nchi ya Watabwa, magharibi ya Ziwa Tanganyika, watu wa Luteni Mbelgiji Émile Storms walimwua chifu Lusinga, wakamkata kichwa. Fuvu likapelekwa Brussels, na mwaka 1886 Daktari Émile Houzé akawaeleza wataalamu vipimo vyake. Lusinga alikuwa mtu mkali, aliuza watumwa. Lakini ukali huo haukuandikwa katika mfupa.

Ukubwa wa ubongo hauonyeshi akili. Ubongo wa Turgenev, mwandishi wa Urusi, ulikuwa na gramu 2,012. Wa Anatole France, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1921, gramu 1,017 tu.

Vinavyodhuru ubongo ni malaria kali, chumvi isiyo na iodini kwa mama mwenye mimba, na mtoto kukawia kuzaliwa. Mtoto mwenye homa akishikwa na degedege, mlete hospitali usiku uo huo.