Somo: Usikubali Simu ya Zamani Ifutwe Kabla Hujatoa Picha Zako



Tuseme simu yako imeanza kukwama. Unaipeleka kwa fundi pale sokoni. Anaitazama, anasema imejaa, na dawa yake ni kuifuta yote ianze upya. Anakuuliza kama una nakala. Unakumbuka kwamba shemeji aliyekutumia simu hiyo kutoka Ulaya alikwambia usijali, picha zinajihifadhi zenyewe mbali. Unajibu, "Ndiyo, ninayo." Fundi anabonyeza. Baada ya nusu saa simu inawaka vizuri, nyepesi kama mpya, na ndani yake hamna kitu. Picha ya marehemu mama, picha ya kadi ya mpiga kura, diploma ya Serikali uliyoipiga picha usiku wa kuondoka nyumbani, namba za ndugu walioko kambi nyingine, vyote vimekwenda.

Shemeji hakukudanganya. Alipokuambia maneno yale, huenda yalikuwa kweli. Somo hili linaeleza kwa nini yanaweza kuwa si kweli leo, na ufanye nini wakati simu yako bado inawaka.

Nakala ya mbali ni nini?

Watu huiita "wingu". Jina hilo limewachanganya wengi, maana hakuna kitu kilichowekwa angani. Ni kompyuta kubwa za kampuni, zimewekwa katika majengo ya nchi za mbali, zinakula umeme usiku na mchana. Simu yako ikipata intaneti na chaji ya kutosha, hutuma kule nakala ya picha, majina na ujumbe. Ukipoteza simu, unaingia kwa jina na neno lako la siri kwenye simu nyingine, na nakala inarudi. Kampuni ya Apple, inayotengeneza simu za iPhone na tableti za iPad, ilianza kutoa huduma hii mwaka 2011 kwa jina la iCloud. Google nayo inafanya hivyo kwa simu nyingi za Android.

Ni sawa na mtu aliyeweka gunia lake la mahindi katika ghala la jirani. Mahindi ni yake, lakini mlango na kufuli ni vya jirani. Siku jirani akibadilisha kufuli, ufunguo wa zamani haufungui tena.

Hivyo ndivyo ilivyotokea tarehe 18 Desemba 2024. Tangu siku hiyo, nakala ya iCloud inahitaji simu au tableti yenye mfumo wa toleo la 9 au zaidi, yaani mfumo uliotolewa mwaka 2015. Vifaa vyenye toleo la 8 kushuka chini haviwezi tena kutuma nakala, na nakala zao zilizokuwa zimehifadhiwa kule ziliwekwa katika mpango wa kufutwa. Taarifa ilitolewa kwa barua pepe mwezi Novemba. Kwa maoni yetu, taarifa ya namna hiyo haimfikii mtu wa kambini. Ni wangapi kati yetu wanaosoma barua pepe ya akaunti iliyofunguliwa na mwenye duka, ambayo neno lake la siri tulilisahau siku ileile?

Lakini sikiliza vizuri jambo hili, kwa sababu ndilo lenye faida kwako: kilichofutwa ni nakala ya mbali. Kilichomo ndani ya simu yenyewe hakikuguswa. Picha zako bado zimo mkononi mwako. Hatari ni kwamba sasa zimo hapo tu, na simu ikifutwa, ikiibiwa au ikiingia maji, hakuna pa kuzitafuta.

Simu yangu ni mojawapo?

Fungua sehemu ya mipangilio, ile yenye alama ya gurudumu lenye meno, kisha utafute mahali panapoeleza habari za simu yenyewe. Hapo utaona namba ya toleo la mfumo. Iandike kwenye karatasi.

Kama una iPhone 3GS, iPhone 4 au iPad ile ya kwanza kabisa ya mwaka 2010, usihangaike kutafuta toleo jipya. Vifaa hivyo haviwezi kufika toleo la 9 hata ukinunua bando la mwezi mzima. iPhone 4, kwa mfano, inaishia 7.1.2, na iPad ya kwanza inaishia 5.1.1. Kwako hakuna tena nakala ya iCloud. Lililobaki ni kutoa vitu vyako kwa mkono, na namna ya kufanya hivyo imeelezwa hapa chini.

Kama una iPhone 4S au iPad 2, simu au tableti hiyo inaweza kupandishwa hadi toleo la 9. Ikiwa bado iko chini, toa picha kwanza ndipo uipandishe. Usianze kwa kupandisha. Umeme wa sola ukikatika katikati ya kazi hiyo, simu inaweza kuzimika isiwake tena.

iPhone 5 ina kisa chake. Ilitakiwa kupandishwa hadi toleo la 10.3.4 kabla ya tarehe 3 Novemba 2019. Isiyopandishwa kabla ya siku hiyo hupoteza tarehe na saa sahihi, na kwa sababu hiyo nakala ya iCloud haiendi, wala haiwezi tena kupandishwa kwa intaneti peke yake, inahitaji kompyuta. Ukiona iPhone 5 inaonyesha mwaka usio sahihi, usidhani ni betri tu.

Wenye Android nao wasome. Tangu tarehe 27 Septemba 2021, simu zenye Android 2.3.7 au chini ya hapo haziwezi kuingia katika akaunti ya Google. Mwaka 2023 Google iliacha pia kuboresha huduma zake kwa simu za Android 4.4. WhatsApp nayo iliacha simu za Android zilizo chini ya 5.0 mwezi Oktoba 2023, na tarehe 5 Mei 2025 ikaacha iPhone 5S, iPhone 6 na iPhone 6 Plus. Mtu ambaye picha za familia yake zimo ndani ya WhatsApp tu, na simu yake ni ya namna hiyo, asingoje.

Tena kuna jambo la kukaa muda mrefu bila kuingia. Tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti ya mtu binafsi ambayo haikufunguliwa kwa miaka 2, pamoja na vyote vilivyomo. Apple nayo hufuta nakala ya simu siku 180 baada ya mtu kuacha kutumia huduma hiyo. Ikiwa simu yako ilibaki njiani wakati wa kukimbia na unalikumbuka jina la akaunti na neno la siri, omba simu ya mtu unayemwamini, ingia, tazama kilichobaki, kisha utoke kabisa katika akaunti. Kuingia huko pia kunaifanya akaunti ihesabiwe kuwa hai.

Namna ya kutoa picha

Kwa iPhone ya zamani unahitaji waya wake na kompyuta. iPhone 4S na zilizoitangulia, pamoja na iPad za kwanza, hutumia ule waya wa kichwa kipana, ambao sasa ni adimu. Uliza kwa mafundi, wengi wanao kwenye sanduku la takataka. Washa simu na uifungue kwa namba yake ya siri, kisha uchomeke. Kompyuta ya Windows huiona simu kama kamera. Ndani yake kuna folda iitwayo DCIM, na humo ndimo zilimo picha zilizopigwa kwa simu hiyo. Nakili folda yote. Usichague moja moja, maana utasahau ile uliyoihitaji. Kama kompyuta ina programu ya iTunes, inaweza pia kuchukua nakala nzima ya simu, pamoja na majina na ujumbe. Nakala hiyo ikae kwenye kompyuta ya mtu unayemwamini, si ya duka.

Android ni rahisi zaidi. Ukiwa na memori kadi, hamishia picha humo, kisha uitoe na kuijaribu katika simu nyingine. Picha za WhatsApp huwa katika folda yake yenyewe, ndani ya sehemu iitwayo Media. Majina ya simu pia hutolewa: katika orodha ya majina kuna mahali pa kuyatoa yote yawe faili moja. Weka faili hiyo kwenye memori kadi. Hata hivyo, namba tano au sita za watu ambao huwezi kuishi bila wao ziandike kwa kalamu kwenye daftari. Daftari halihitaji chaji.

Nakala moja haitoshi. Weka moja kwenye memori kadi au flashi, uifunge kwenye mfuko mdogo wa nailoni, uihifadhi mahali unapoweka kadi ya chakula. Nyingine mwachie ndugu anayekaa nyumba tofauti, ili moto au mvua ya usiku mmoja isichukue zote mbili. Na picha mbili tatu zilizo muhimu kabisa zichapishwe kwenye karatasi. Usidharau karatasi. Baada ya vita na mauaji ya mwaka 1994, picha za watoto waliotengana na wazazi wao zilibandikwa kwenye mbao huko Goma na Rwanda ili jamaa zao wapite, watazame na kuwatambua. Hakuna aliyehitaji intaneti kusimama mbele ya ubao ule. Anayemtafuta mtoto au ndugu leo kupitia Msalaba Mwekundu naye hufaidika sana akiwa na picha mkononi.

Tahadhari ukiwa dukani

Unaponakili kwenye kompyuta ya duka, kaa hapohapo mpaka mwisho. Picha zako zikishaingia kwenye flashi, mwombe mwenye kompyuta afute zilizobaki kwake, na afute hata zile zilizo kwenye kikapu cha takataka cha kompyuta. Si utovu wa adabu kuomba hivyo. Picha ya cheti chako cha ukimbizi, ikifika kwa mtu mbaya, inaweza kutumika kwa jina lako bila wewe kujua. Neno la siri la akaunti usimpe fundi hata akisema ni la lazima; liandike mwenyewe kwenye simu, ukiwa umeshika simu.

Jambo la mwisho kuhusu fundi. Simu nyingi za iPhone zilizoko kambini zilitumwa na ndugu, na bado zina akaunti ya yule aliyezituma. Zenye toleo la 7 au zaidi zina kufuli maalumu: simu ikifutwa, huuliza jina na neno la siri la mwenye akaunti hiyo. Asipopatikana, simu inabaki kipande cha kioo. Kwa hiyo, kabla ya kukubali neno "kuflashi", mpigie aliyekutumia, muulize kama akaunti ni yake na kama bado analikumbuka neno la siri. Kama betri au tundu la chaji ndilo bovu, mwambie fundi atengeneze hilo tu. Simu iliyojaa si lazima ifutwe yote; ukishanakili video na kuhakiki kwamba zinafunguka mahali pengine, zifute hizo kwenye simu, na itapumua.

Kazi ya kufanya kikundini

Kila mtu aje na simu yake na karatasi. Soma namba ya toleo la mfumo na uiandike. Kisha mwambie jirani yako ni picha gani tatu ungesikitika zaidi kuzipoteza, na ziko mahali pangapi kwa sasa. Asiyejua kusoma asaidiwe na kijana wa nyumba yake, lakini picha za kuchagua achague mwenyewe. Wenye waya wa kichwa kipana wajitaje mbele ya kikundi, ili waya uzunguke kwa wanaouhitaji kabla ya mkutano ujao.