Kadi yangu hukataliwa Kamembe

SWALI: Ninaishi Bukavu. Nikivuka mto Ruzizi kununua bidhaa Kamembe, Rwanda, kadi hukataliwa, kisha unaingia ujumbe unaodai umetoka benki. Ni matapeli?

JIBU: Huenda ni benki kweli. Kila malipo hupimwa na kompyuta kwa sekunde chache: nchi, kiasi, saa, mazoea yako. Kwako Rwanda ni ng'ambo ya daraja tu; kwa kompyuta ni nchi ya kigeni. Ikishuku, huzuia malipo na kuuliza kama ni wewe. Unajibu ndiyo au hapana, basi. Anayekupigia akitaka namba ya siri, au ile ya mara moja iliyotumwa kwenye simu, ni mwizi, hata akilijua jina lako lote. Kata simu, upige namba iliyo nyuma ya kadi. Safari ijayo, iarifu benki kabla ya kuvuka.