Meditesheni Si Mbadala wa Dawa

Agizo la kwanza ni hili: anayetumia dawa alizoandikiwa na daktari asiziache, asizipunguze wala asiruke dozi kwa sababu ameanza meditesheni. Kijitabu hiki kitalirudia agizo hilo.

Meditesheni imeenea kwa kasi. Nchini Marekani, watu wazima waliosema wameifanya waliongezeka kutoka asilimia 4.1 mwaka 2012 hadi 14.2 mwaka 2017. Dhana potofu nazo zimeenea.

Ya kwanza ni kwamba lazima kichwa kiwe kitupu. Si kweli. Killingsworth na Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha mwaka 2010 kuwa mawazo ya mtu huwa mbali na jambo analofanya kwa karibu asilimia 47 ya muda anaokuwa macho. Anayeanza huketi kitini, nyayo zikagusa sakafu, akafuatilia pumzi inavyopita puani. Pumzi ya tatu haijaisha, ada ya shule imeshaingia kichwani. Hajashindwa. Akishagundua kuwa anawaza ada, airudie pumzi, hata mara mia. Zoezi lenyewe ndilo hilo.

Wengine hudhani ni ibada ya kukunja miguu. Mafunzo ya wiki 8 aliyoanzisha Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts hayadai dini yoyote, na kiti kinatosha.

Dhana ya hatari kuliko zote ni kwamba meditesheni inatosha bila hospitali. Mwaka 2014 jarida la JAMA Internal Medicine lilichapisha uchambuzi wa majaribio 47 yenye washiriki 3,515. Ulikuta nafuu kiasi kwa wasiwasi, sonona na maumivu, lakini haukukuta ushahidi kwamba meditesheni inazishinda dawa au mazoezi ya mwili.

Tena haikosi madhara. Uchambuzi wa mwaka 2020 uliopitia tafiti 83 ulikadiria kuwa watu 8 hivi katika kila 100 walipatwa na athari mbaya, hasa wasiwasi na sonona. Kambi za kimya za siku 10, zenye saa 10 hivi za kuketi kila siku, si pa kuanzia. Aliyewahi kuugua saikosisi au mwenye kiwewe aonane na daktari kwanza.

Agizo linarudiwa: dawa zisiachwe. Mwalimu anayeshauri ziachwe asisikilizwe. Anayeanza atumie dakika 5 hadi 10 kwa siku. Usingizi ukipotea, hofu ikizidi au akianza kusikia sauti, asitishe siku hiyohiyo na aende kituo cha afya, akiwa na pakiti za dawa anazotumia.