Ziara ya zabibu na mvinyo Dodoma: ipangeni kama kazi ya shamba



Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024, vikundi viwili vitatu vimeniuliza swali lilelile: "Bwana shamba, lini tunakwenda kuona zabibu na kuonja waini?" Twendeni tu. Ila ziara ya aina hii isipopangwa, mtarudi na picha na chupa mbili tatu, basi. Leo tujifunze kuipanga.

Kwanza msimu. Ufaransa mzabibu huvunwa mara moja kwa mwaka, wakati wa Septemba hivi. Dodoma huvunwa mara mbili, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba, maana hakuna baridi kali ya kuulaza mti. Mkulima akishapogoa, mti unachipua upya, na baada ya miezi kama minne kuna mavuno. Ukienda Juni utaona majani na vichala vichanga. Kwa sisi nashauri Agosti mwishoni. Machi masika yanaanza huku kwetu na kila mtu yuko na jembe, na kule mvua ikinyesha zabibu zikiwa zinaiva sukari hupungua. Agosti ni kavu, zabibu ni tamu zaidi, njia za mashambani zinapitika, na maembe yetu bado hayajaanza kutusumbua.

Usafiri ndiyo rahisi siku hizi. Stesheni tunayo hapa Soga, lakini angalieni kwenye ratiba ya TRC kama treni mnayokata tiketi inasimama kwetu, maana siyo zote zinasimama stesheni ndogo. Bebeni vitambulisho. Kule Dodoma kodini Noah au Hiace kwa siku nzima, kwa sababu sehemu za kuona zimekaa pande tofauti: Makutupora iko kaskazini mwa mji, Hombolo kaskazini-mashariki, Chinangali iko Chamwino upande wa barabara ya Morogoro. Msijaze zote tatu siku moja. Mtaishia kuona vumbi.

Mimi ningeanza Makutupora, kwenye kituo cha utafiti cha TARI. Hapo ndipo penye utafiti wa zabibu nchini, na aina nyekundu inayopendwa na viwanda imebeba jina la mahali hapo. Ulizeni miche, upogoaji na magonjwa ya ukungu. Kisha Hombolo, kwenye kiwanda cha CETAWICO. Tumeni barua mapema kupitia halmashauri. Kiwanda kikiwa kwenye mavuno hakina muda wa wageni wa kushtukiza.

Kiwandani mwombeni anayepokea zabibu awaonyeshe kifaa cha kupimia sukari. Tone moja la juisi, unatazama kwenye mwanga, unasoma kipimo kinachoitwa briksi. Kila briksi moja hutoa pombe kama asilimia 0.55 baada ya kuchachuka. Kwa hiyo juisi ya briksi 20 itakupa mvinyo wa asilimia 11 hivi. Mkulima aliyevuna mapema kwa kuogopa wezi au ndege anapima briksi 15, na hapo bei inashuka au mzigo unakataliwa kabisa. Fanyeni na hesabu hii papo hapo: chupa ya mililita 750 inahitaji zabibu kama kilo moja na robo. Ulizeni bei ya kilo shambani, zidisheni, linganisheni na bei ya chupa dukani. Halafu ulizeni chupa, kizibo, lebo, kodi na usafiri vinakula kiasi gani. Msikimbilie kusema mkulima anaibiwa kabla ya kupiga hesabu hiyo.

Chinangali ndiko kwenye somo lenyewe. Kuna shamba kubwa la pamoja, wakulima wadogo wamo kwenye ushirika, maji ni ya matone. Zabibu ikishakatwa haisubiri. Siku chache tu imeoza. Kumekuwa na misimu ambayo matangi ya viwanda yamejaa na wakulima wamebaki na vichala mikononi. Njia mojawapo waliyoshika ni kukamua na kuchachusha wenyewe, wakauza kile wanachokiita mchuzi wa zabibu kwa viwanda vikubwa. Mchuzi unasubiri mnunuzi. Kichala hakisubiri.

Sasa jiulizeni maembe na mananasi yetu ya Desemba yanasubiri nini. Waulizeni wanaushirika: nani alinunua matangi, mkopo ulilipwaje, mkataba wa mnunuzi ulisainiwa kabla ya mavuno au baada? Jibu la swali hilo la mwisho liandikeni kwenye daftari.

Chakula nacho ni sehemu ya mafunzo, siyo starehe tu. Kule Alsace, Ufaransa, tangu 1953 kuna njia ya mvinyo yenye kilomita kama 170, kutoka Marlenheim hadi Thann. Mgeni anapita kijiji hadi kijiji, anakula chakula cha pale, anakunywa cha pale, ananunua getini kwa mkulima. Dodoma vitu vyote vipo ila havijafungwa pamoja vizuri. Fungeni wenyewe: mbuzi choma wa Msalato na mvinyo mwekundu usio na sukari, kuku wa kienyeji na mweupe, na mchana mmoja ugali wa uwele na mlenda. Kuleni kabla ya kuonja. Anzeni na mweupe mkavu, kisha mwekundu, mtamu uwe wa mwisho, la sivyo yote itaonekana chachu. Waonjaji wa kazi hutema. Nanyi msione aibu kutema, dereva wenu asionje kabisa.

Wengi wetu huku hatunywi, na hakuna wa kulazimishwa. Asiyekunywa apewe kazi ya juisi na zabibu kavu: ladha, vifungashio, bei, muda wa kukaa dukani. Kwa mtu mwenye nanasi Soga, huenda huyo ndiye atakayerudi na kitu cha maana.

Tahadhari moja. Msirudi mkaanza kuchachusha mananasi na kuuza kwenye chupa za maji. Kinywaji cha kuuza kinahitaji alama ya TBS na leseni ya pombe. Kutengeneza gongo ni kosa, sina la kuongeza hapo.

Kila kikundi kilete majina, maswali matano ya kwenu na makadirio ya nauli, malazi na gari ofisi ya kata kabla Juni haijaisha. Barua za Makutupora na Hombolo nitaziandika mimi, za ushirika mtaandika ninyi.