Vitabu Vinne, Wiki Moja, na Kila Ijumaa Nimeshindwa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni muuguzi hapa Tanga, nina miaka 34 na mtoto mmoja. Riwaya nazipenda tangu sekondari. Sasa hivi nimeanza vitabu vinne: Vuta N'kuvute cha Adam Shafi (nipo ukurasa wa 90), Nagona cha Kezilahabi (hiki nimekianza mara tatu), Peponi cha Abdulrazak Gurnah, na Kusadikika cha Shaaban Robert, nakala aliyoniachia marehemu baba. Kila Jumapili jioni naandika ratiba nyuma ya kalenda: Jumatatu kitabu hiki kurasa 30, Jumanne kile kurasa 30, hivyo hivyo mpaka Alhamisi. Ijumaa naandika dhamira na wahusika kwenye daftari. Lakini nikitoka zamu ya usiku nasinzia kabla sijageuza ukurasa wa pili, na Ijumaa ikifika sijatimiza hata nusu. Dada yangu ananiambia riwaya ni za wanafunzi, mtu mzima asome vya kumwingizia hela. Nimeanza kuviogopa vitabu vyenyewe. Wiki hii nisome nini, na kwa mpango gani?

Msomaji mwenye deni, Tanga

Marahaba, mwanangu.

Kilichonisimamisha katika barua yako ni lile daftari la Ijumaa. Dhamira, wahusika, mandhari: hiyo ni kazi ya darasani, na mtihani wako ulishapita zamani. Wengi wetu tulikutana na riwaya za Kiswahili shuleni, tukazisoma kwa vipindi huku tukijua swali linakuja. Ndiyo maana umepanga Jumatatu hiki, Jumanne kile, kana kwamba kuna kengele itakayolia. Ukimwacha Yasmin wa Vuta N'kuvute Jumatatu, ukimrudia Jumatatu ya pili umeshasahau alikuwa kwa nani na amegombana na nani. Inabidi urudi nyuma kurasa kumi, na zile 30 zako hazifiki tena. Lifunge daftari. Ukikuta sentensi iliyokugusa, ipigie mstari kwa penseli, usonge mbele.

Wiki hii basi riwaya yako ya mchana ni moja, Vuta N'kuvute, kwa kuwa huko umeshaingia ndani. Habari ya Yasmin, binti aliyeozwa kwa mzee Raza akamkimbia, ya shoga yake Mwajuma, ya Denge na wenzake wanaowindwa na makachero wa mkoloni, inataka kusomwa mfululizo. Isome siku zako za mapumziko, mtoto akiwa shuleni, saa moja au mbili kwa mkupuo, wala usihesabu kurasa. Na kama umeshaiona filamu aliyoiongoza Amil Shivji mwaka 2021, usijiambie kitabu umekimaliza. Adam Shafi ana mitaa ya Unguja, ana taarabu, ana maongezi ya watu wasiokuwa na haraka, ambayo filamu moja haiwezi kuyabeba yote.

Kitabu cha zamu ya usiku ni Kusadikika, na hapa nakusihi kwa moyo wangu wote. Sijui kitabu kinachomfaa mtu wa zamu kuliko hiki. Ni chembamba, tena kimejigawa chenyewe. Karama ameshtakiwa na Waziri Majivuno kwa kuanzisha mafunzo ya uanasheria, na utetezi wake ni kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa Kaskazini, Kusini, Mashariki, Magharibi, Mbinguni na Ardhini. Wote wanarudi na maarifa ya kuinufaisha nchi, na nchi inawalipa kwa kifungo. Kila mjumbe ana safari yake, yenye mwanzo na mwisho. Basi mjumbe mmoja kwa zamu moja, dawa zikishagawiwa, wodi imetulia na chai iko mkononi. Usiku ukichafuka kwa wagonjwa, mjumbe atasubiri zamu ijayo na hutakuwa umepoteza uzi. Kilichapishwa mwaka 1951, Waingereza wangali wanatawala Tanganyika. Lishike hilo akilini unapomsikiliza Majivuno. Na mwandishi ni mtu wa kwenu Tanga, nakala ni ya baba yako. Chungulia pembezoni mwa kurasa, huenda naye alipiga mistari yake.

Asubuhi ukitoka zamu, lala. Hilo silijadili. Mwenye wagonjwa wa kuwatazama usiku kucha hadaiwi kurasa na mtu yeyote.

Peponi kiweke kando, kisiwe mbali. Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alikiandika kwa Kiingereza mwaka 1994. Ida Hadjivayanis akakitafsiri, na Mkuki na Nyota wakakitoa mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Tuzo ya Nobel. Kifungue mara tu utakapomaliza cha Adam Shafi. Utamkuta Yusuf, mtoto aliyechukuliwa na tajiri Aziz kwa deni la baba yake, wakati Yasmin yungali mbichi kichwani mwako. Watoto wawili waliotolewa na wazazi wao kwa wafanyabiashara, mmoja kwa ndoa, mwingine kwa deni: vitabu hivi vikifuatana vinaulizana maswali. Ukivisoma kwa mchanganyiko, siku hiki siku kile, maswali hayo hutayasikia.

Dada yako usibishane naye. Siku moja mnapochambua mchele, msomee kurasa mbili tatu za Mwajuma kwa sauti, kisha nyamaza uone kama hataomba uendelee.

Inabaki Nagona. Kukianza mara tatu na kukiacha si upungufu wako. Kezilahabi alikiandika bila kisa kilichonyooka, na anayekisoma akitafuta nani kafanya nini anachoka mapema. Wewe ulikuwa unakitafutia wahusika wa kuandika daftarini! Kirudishe kabatini bila haya. Ukitaka kumjua mwandishi huyu, anza na Rosa Mistika ya mwaka 1971, uende Dunia Uwanja wa Fujo, umzoee. Nagona utakifungua ukiwa likizo, asubuhi, na ukisome kwa mkao mmoja mpaka mwisho, hata pale usipoelewa.