Hukumu Bila Ushahidi: Tunachojifunza kwa Arthur Miller

Kati ya tamthilia za Marekani zinazosomwa vyuoni, nimechagua The Crucible ya Arthur Miller, kwa kuwa inaonyesha wazi jinsi tamthilia inavyokuwa kioo cha jamii na pia mwalimu wake.

Ilianza kuonyeshwa Broadway, New York, Januari 1953, lakini kisa chake ni cha Salem, Massachusetts, mwaka 1692. Wasichana walidai wamerogwa, wakataja majina ya watu. Mahakama ilikubali hata madai kwamba kivuli cha fulani kimemtesa msichana. Aliyekiri uchawi aliachwa hai; aliyeshikilia kwamba hana hatia ndiye aliyekabili kitanzi. Watu 19 walinyongwa, na mzee Giles Corey akakandamizwa kwa mawe hadi kufa.

Kwa nini Miller alirudi nyuma miaka 261? Kwa sababu wakati wake Marekani ilikuwa imeshikwa na hofu ya Ukomunisti. Kamati ya Baraza la Wawakilishi iliwahoji waandishi na waigizaji, na njia ya kujisafisha ilikuwa kuwataja wenzao. Aliyekataa aliweza kupoteza kazi. Hivyo mtazamaji alioneshwa Salem, akaiona Marekani yake.

Katika tamthilia, John Proctor anakubali kukiri uongo ili aokoe maisha yake, lakini anakataa kuwataja wengine. Mwishowe anachana karatasi ya ungamo lake na kwenda kunyongwa. Mwaka 1956 Miller mwenyewe aliitwa mbele ya Kamati. Alijieleza, ila hakutaja wenzake. Mwaka 1957 alitiwa hatiani kwa kulidharau Bunge. Mwaka 1958 mahakama ya rufaa ikaifuta hatia hiyo.

Tamthilia haikuizuia Kamati. Nionavyo mimi, kazi yake ilikuwa nyingine: iliwafundisha watu kuutambua uonevu hata unapovaa joho la hakimu. Nasi tuliofunzwa kuthibitisha habari kabla ya kuisambaza, tuna la kujiuliza kila tuhuma inapoingia kwenye simu zetu.

Maswali ya mjadala:
1. Nani alinufaika na tuhuma za Salem?
2. Kwa nini Proctor aliona jina lake lina thamani kuliko uhai?
3. Ukiombwa umtaje mwenzako bila ushahidi, utajibu nini?