Tuketi Kwanza Tuhesabu: Kupima Biashara ya Kikundi kwa Njia ya SWOT



Mara nyingi kikundi kikitaka kuanza biashara, swali la kwanza linaloulizwa ni hili: "Pesa tutatoa wapi?" Swali hilo ni zuri, lakini lina wakati wake. Kabla yake kuna mengine mawili. Sisi wenyewe tukoje? Na huko nje tunakokwenda kuna nini? Somo la leo ni juu ya maswali hayo mawili.

Kwa somo hili mtahitaji mkutano mmoja wa saa tatu hivi, mahali tambarare chini ya mti, majivu au kijiti cha kuchora ardhini, makopo matupu sita, na punje za mahindi. Asiyejua kusoma atashiriki sawa na mwenye shahada.

NENO LA KUANZIA

Someni Luka 14:28-32. Yesu anatoa mifano miwili. Mtu anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu kama ana vya kumalizia, asije akachekwa na majirani. Halafu kuna mfalme mwenye askari elfu kumi, na adui anakuja na elfu ishirini. Mfalme huyo naye huketi kwanza. Anatazama nguvu yake mwenyewe, kisha anatazama kinachokuja kutoka nje, ndipo anaamua. Hiyo ndiyo kazi tunayotaka kuifanya leo.

SWOT NI NINI?

Njia hii ilianza Marekani katika miaka ya 1960, katika mipango ya makampuni makubwa. Herufi zake nne zimetoka kwenye maneno ya Kiingereza. Kwa lugha yetu ni NGUVU, UDHAIFU, NAFASI na HATARI.

Jambo la kushika ni hili: nguvu na udhaifu viko NDANI ya kikundi, nafasi na hatari ziko NJE.

Watu wengi huchanganya hapa. Basi fikirini juu ya boma la mbuzi. Fisi anayezunguka usiku ni hatari. Uzio uliooza ni udhaifu. Fisi hamuwezi kumwamuru asizaliwe, lakini uzio mnaweza kuutengeneza kesho asubuhi. Ukame ni hatari. Kukosa akiba ya kuvuka ukame ni udhaifu. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwisho wa 2022, sehemu kubwa za kaskazini na mashariki mwa Kenya zilikosa mvua ya kutosha kwa misimu mitano mfululizo. Hakuna kikundi kilichoweza kuizuia hali hiyo, ila kila kikundi kingeweza kujiuliza kama uzio wake ni mzima.

MIMI MWENYEWE NILIKOSEA

Miaka kadhaa iliyopita nilifundisha somo hili kwa kikundi cha akina mama ishirini huku Ukambani. Walitaka kununua ndengu wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, wazihifadhi, wauze baada ya miezi michache bei ikipanda. Wazo lilikuwa zuri. Nilibandika karatasi kubwa ukutani, mwenyekiti akashika kalamu, na tukajaza vyumba vyote vinne. Chini ya "udhaifu" waliandika ukosefu wa fedha, ukosefu wa masomo, ukosefu wa usafiri. Tukapiga makofi, tukafunga kwa sala, nikaenda nyumbani nimefurahi.

Mavuno yalipofika, sanduku lilikuwa karibu tupu. Kumbe pesa za kikundi zilikuwa zikikopeshwa kienyeji kwa viongozi na jamaa zao bila kuandikwa, na hazikuwa zimerudi. Kila mama alilijua jambo hilo siku ile ya semina. Walinunua nusu ya magunia waliyopanga, tena kwa kuchelewa, bei ikiwa imeshaanza kupanda. Faida haikuonekana.

Baadaye mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, wewe ulituuliza mbele ya mwenyewe, na kalamu ameshika yeye. Ulitaka tuseme nini?"

Alisema kweli. Karatasi ilijaa, lakini ukweli haukuwemo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwa hiyo hatua zifuatazo nimezipanga ili ukweli upate mlango wa kupitia.

HATUA YA KWANZA: Tajeni biashara moja

Msipime "kikundi chetu" kwa jumla. Pimeni jambo moja: kununua na kuhifadhi ndengu, au kufuga kuku wa kienyeji, au kinu cha posho. Kitu ambacho ni nguvu katika kuku chaweza kuwa si kitu katika kinu.

HATUA YA PILI: Gawanyikeni

Viongozi wakae peke yao. Wanachama wengine wajigawe, vijana upande wao na wazee upande wao. Kama kuna wanaume na wanawake, nao watengane. Kila kundi lichore vyumba vinne ardhini na kuweka alama ya kila jambo: ufunguo, kitabu, jani, jiwe. Kalamu isishikwe na kiongozi.

HATUA YA TATU: Jazeni vyumba

Huu ni mfano wa ndengu:

Nguvu: Sisi wenyewe ni wakulima, tunazijua ndengu zilizokauka vizuri. Majirani wanatuamini. Tuna akiba kidogo.

Udhaifu: Vitabu haviandikwi. Mikopo hairudi. Ghala linavuja. Mtu mmoja tu ndiye mwenye ufunguo.

Nafasi: Wakati wa mavuno bei huwa chini, baadaye hupanda. Shule ya bweni iliyo karibu hununua ndengu kila muhula.

Hatari: Mabroka hufika mapema na pesa taslimu. Mvua yaweza kukosa. Fukusi.

Juu ya fukusi, jueni kwamba hutaga mayai kwenye maganda ndengu zikiwa bado shambani. Kwa hiyo huingia ghalani pamoja na mazao, hata ghala likiwa limefagiwa. Dawa moja isiyo sumu ni ile mifuko isiyopitisha hewa, yenye karatasi za plastiki ndani ya gunia. Ndengu zikikaushwa vizuri na mifuko ikafungwa barabara, wadudu humaliza hewa iliyomo na kufa. Mfuko ukitoboka, kazi imeharibika.

HATUA YA NNE: Pigeni kura kwa punje

Orodha ndefu haisaidii. Chagueni mambo sita ya udhaifu yaliyotajwa zaidi. Kila kopo liwekewe alama ya jambo moja, na makopo yakae nyuma ya mlango au ndani ya nyumba. Kila mwanachama aingie peke yake na punje tatu, azitie anakotaka, hata zote katika kopo moja. Halafu punje zihesabiwe mbele ya wote.

Msimu uliofuata nilirudi kwa wale akina mama ishirini tukafanya hivyo. Punje zilikuwa sitini. Thelathini na moja zilikuwa katika kopo la "mikopo isiyorudi." Watu walinyamaza. Mwenyekiti alizitazama zile punje kwa muda, kisha akasema, "Mimi nina elfu nne." Baada yake mweka hazina akataja deni lake, na wengine wakafuata. Hakuna aliyetukanwa. Siku hiyo ndiyo mpango wao ulipoanza.

HATUA YA TANO: Oanisheni

Vikundi vingi huishia kwenye vyumba vinne na kusema kazi imekwisha. Bado. Mwaka 1982 mtaalamu wa usimamizi, Heinz Weihrich, alionyesha kwamba faida ya kazi hii iko katika kukutanisha ya ndani na ya nje. Ulizeni maswali manne:

1. Nguvu gani itatusaidia kuishika nafasi hii? (Tunazijua ndengu nzuri, basi shule itapata ndengu safi kutoka kwetu.)

2. Nguvu gani itatukinga na hatari hii? (Majirani wanatuamini; basi tuwe na mizani ya haki, wasikimbilie kwa broka.)

3. Udhaifu gani utatunyima nafasi hii? (Shule itataka risiti, nasi hatuandiki. Binti wa mwanachama aliyemaliza Kidato cha Nne amfundishe katibu kwanza.)

4. Udhaifu gani ukikutana na hatari gani utatumaliza? (Ghala linalovuja pamoja na fukusi.)

Swali la nne ndilo la kukaa nalo sana. Uzio uliooza haudhuru kitu mpaka siku fisi anapopita. Kama hamna jibu la swali hilo, ahirisheni biashara. Kuahirisha si aibu. Hata yule mfalme wa Injili, akiona hawezi, hutuma wajumbe kutafuta amani adui angali mbali.

HATUA YA SITA: Tieni hesabu

Hizi ni hesabu za mfano tu. Nyinyi wekeni bei za soko lenu.

Magunia 8 ya kilo 90 ni kilo 720. Mkinunua kwa Sh 75 kwa kilo ni Sh 54,000. Mifuko Sh 2,000, usafiri Sh 1,600. Jumla Sh 57,600. Kila kilo imewagharimu Sh 80.

Mambo yakienda vizuri: mnauza kilo zote 720 kwa Sh 105, mnapata Sh 75,600. Faida ni Sh 18,000.

Fukusi wakila gunia moja: mnauza kilo 630 kwa Sh 105, mnapata Sh 66,150. Faida ni Sh 8,550.

Fukusi wakila gunia moja na bei ikafika Sh 90 tu: mnapata Sh 56,700. Hapo mmepata hasara ya Sh 900, bila kuhesabu jasho lenu.

Mnaona? Gunia moja lililoharibika linakula zaidi ya nusu ya faida. Sasa kila mtu anaelewa kwa nini ghala litengenezwe kabla ya kununua hata kilo moja.

HATUA YA SABA: Nani, nini, lini

Kila jambo mlilokubaliana liwe na jina la mtu na tarehe. "Tutaboresha ghala" si mpango. "Fulani na fulani watabadilisha mabati matatu kabla ya Jumapili ya kwanza ya Januari" ni mpango. Mkutano unaofuata uanze kwa kusoma majina hayo.

Wale akina mama waliamua kutonunua chochote msimu ule. Walikusanya madeni kidogo kidogo. Walinunua sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikashikwa na watu watatu, kama vile vikundi vya kuweka na kukopa vilivyoanzia Niger mwaka 1991 vinavyofanya. Msimu uliofuata walinunua magunia machache, wakauza, na kila mmoja aliona hesabu kwa macho yake. Hawajatajirika. Lakini siku hizi mwanachama akiuliza, "Pesa ziko wapi?" anaonyeshwa.

NENO JUU YA MIKOPO

Tangu Hazina ya Wanawake ilipoanzishwa mwaka 2007, na nyingine zikafuata hadi Hazina ya Hustler mwaka 2022, vikundi vimezoea kuandika "mkopo wa serikali" katika chumba cha nafasi. Ni nafasi kweli kwa kikundi chenye vitabu na wanachama wanaolipa. Kwa kikundi ambacho madeni yake ya ndani hayarudi, mkopo huo huo uhamishieni chumba cha hatari. Na hakikisheni kikundi kimeandikishwa chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022. Bila cheti, milango mingi hufungwa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, ni jambo gani ambalo kila mtu analijua lakini halisemwi mkutanoni?

2. Kiongozi akitajiwa udhaifu wake, tufanyeje ili asiaibike, na ukweli usifunikwe?

3. Biashara tunayoifikiria sasa: udhaifu wetu gani ukikutana na hatari gani utatumaliza?

4. Nani atafanya nini kabla ya mkutano ujao?

Rudieni kazi hii kila mwaka kabla ya msimu, kwa kuwa hali hubadilika: nguvu ya mwaka jana yaweza kuwa udhaifu mwaka huu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta, ndugu zangu, ni bei ghali kuliko ndengu.

Mungu azibariki kazi za mikono yenu.